Akwariamu na bustani ya nusu maji nyumbani Goma: mwongozo kamili, kwa maji ya Kivu na jiwe la volkano

Samaki wangu wa kwanza walikuwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Niliwanunua Kituku wakiwa bado wanaruka, saa kumi na mbili asubuhi, nikawapakata ndani ya ndoo nyuma ya pikipiki mpaka mtaani kwangu Keshero. Saa nne walikuwa wote wanaelea juu ya maji, magamba yao yakimetameta chini ya ndoo. Kesho yake mama aliyeniuzia akaniuliza, "Papa, zile sambaza ulizipika?" Nikamjibu ndiyo, zilikuwa tamu.

Sambaza hafugiki. Ni samaki wa maji mapana, anatembea kwa makundi makubwa, na ukimgusa tu magamba yanabanduka. Hata Kivu si kwao: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nimeanza na kosa hilo kwa sababu makosa yangu yote yaliyofuata yalikuwa ndugu zake. Nilikuwa nachagua samaki kwanza, halafu napigana na maji ili yamfae. Hapa Goma fanya kinyume. Jua maji uliyo nayo, jua umeme ulio nao, jua baridi ya usiku wa mtaa wako, ndipo utafute samaki anayekubaliana na hayo matatu.

MAJI YETU YAKOJE

Maji ya Kivu ni magumu na yana alkali nyingi. Ziwa limezungukwa na mawe ya volkano, na chemchemi za chini yake humwaga humo chumvi, hasa za magnesiamu na sodiamu. Kipimo cha pH cha maji ya juu hufika karibu 9, wakati maji yasiyoegemea upande wa asidi wala wa alkali ni 7. Ndiyo sababu birika lako la chai lina ukoko mweupe ndani. Na usidhani maji ya bomba ni tofauti, maana sehemu kubwa ya maji ya mji huu yanavutwa kutoka ziwani humohumo.

Habari njema ni kwamba maji kama haya hayayumbi. pH haishuki ghafla usiku mmoja kama inavyotokea kwenye maji laini. Habari mbaya nitaifikia nikizungumzia amonia.

Ukichota ziwani, nenda alfajiri kabla ya wafuaji, na ukae mbali na mifereji. Kwenye baadhi ya sehemu za kuchotea kuna watu wanaotia klorini kwenye kila bidoni (dumu) kwa sindano, kwa ajili ya kipindupindu. Kazi yao ni ya kuokoa maisha, usiwakwepe kwa maji ya kunywa. Kwa samaki, klorini hiyo inaunguza matamvua na kuua bakteria wazuri wa tangi. Mwaga maji kwenye beseni pana la plastiki, liache wazi siku nzima na usiku wake, ukiyakoroga kila unapopita. Ukiwa na pampu ya hewa, itumbukize humo na kazi itakwenda haraka zaidi. Bado yananuka klorini? Subiri.

Bidoni ya maji ya samaki iwe ya maji ya samaki tu. Iliyowahi kubeba mafuta ya mawese, sabuni au mazutu (dizeli) haisafishiki, hata uisugue kwa mchanga mara ngapi.

Maji ya mvua yaache. Siku ambazo moshi wa volkano ya Nyiragongo unaelekea upande wetu mvua inashuka na asidi, na asidi hiyo ikipita juu ya mabati inakokota zinki. Samaki hawavumilii zinki. Kwa sababu hiyohiyo usitumie ndoo za bati.

TANGI LENYEWE

Ukipata la kununua lililotumika, lijaze maji nje kwa siku mbili kabla ya kutoa pesa. Mimi nilitengeneza langu, na vipimo ninavyokupa ndivyo nilivyopeleka kwa fundi wa vioo Birere. Alipoona nimeshika kipande cha milimita nne alicheka: "Papa, hii ni ya dirisha. Mayi itaipasula." Alikuwa na haki.

Kioo kiwe cha milimita 8. Sakafu ni sentimita 80 kwa 35. Mbele na nyuma, vipande viwili vya 80 kwa 40. Ubavuni, vipande viwili vya 33.4 kwa 40, kwa sababu vinaingia katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, na unene wa vioo hivyo viwili unakula sentimita 1.6. Kisha mikanda miwili ya 78.4 kwa 5, inayolala juu kwa ndani, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili vioo virefu visibinuke. Mwambie fundi apige msasa kingo zote. Ukijaza maji mpaka sentimita 36 utapata lita 94. Ukishaweka mawe na mchanga zinabaki kama 80, na hiyo 80 ikumbuke.

Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuvu. Zile za bafuni zilizoandikwa kuwa zinazuia ukungu zina sumu ndani yake. Futa kingo kwa alikoholi, bandika utepe wa karatasi pembeni ili kazi iwe safi, na uwe na mtu wa kukushikia. Unaanza na sakafu, unasimamisha nyuma, kisha ubavu mmoja, ubavu wa pili, na mbele mwishoni. Bana vioo kiasi, usikamue silikoni yote ikatoka, kwa sababu ile nyembamba inayobaki kati ya kioo na kioo ndiyo inayoshika. Pitisha mstari mwingine ndani ya kila pembe na uulainishe kwa kidole kilicholowa. Yote haya yafanyike kwa mkupuo mmoja. Silikoni ikishaota ngozi, nyingine haishikani nayo vizuri, na hapo ndipo tangi litakapovuja baada ya miezi mitatu, usiku wa manane, juu ya zulia la mama mkwe.

Acha siku saba. Jaza nje, subiri siku mbili, pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kona. Ikilowa, mwaga, kausha, kata silikoni ya pembe hiyo yote na uanze upya. Kuziba kwa juujuu hakusaidii.

MAHALI PA KULIWEKA

Maji lita 80, mawe kilo 30, kioo kama kilo 25: una kilo 135 juu ya meza moja. Meza ya televisheni haitoshi. Mimi nina meza ya mbao nene yenye miguu sita, imeegemea ukuta wa ndani wa nyumba.

Na ardhi yetu haitulii. Waliokuwa Goma baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 wanakumbuka jinsi nyumba zilivyotikisika siku baada ya siku. Kwa hiyo weka shuka la frigoliti (lile povu jeupe jepesi la kufungia vyombo) la sentimita 2 chini ya tangi, usijaze maji mpaka ukingoni, na funga meza ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Waya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Mbali na dirisha. Jua la mchana linazaa mwani, na upepo wa usiku unapoza maji.

JIWE

Hapa tumebarikiwa bila kuomba. Watu wa nchi nyingine wananunua mawe ya lava kwenye vifuko, kwa kilo, ili wayaweke ndani ya vichujio vyao. Sisi tunajengea nayo ukuta wa lupango (kiwanja cha nyumba). Jiwe jepesi lenye matundu lina uso mkubwa kuliko linavyoonekana: kila tundu ni chumba cha bakteria, na bakteria ndio watakaokufanyia kazi ya kusafisha maji.

Usiokote popote. Kando ya gereji na barabara kuna mafuta yaliyoingia ndani kabisa ya matundu. Chukua kwenye kiwanja kisichojengwa, mbali na choo. Chagua yale ambayo mvua na miguu vimeyalainisha, kwa sababu lava mpya inakata kama msumeno na samaki anayekurupuka atajichana. Sugua kwa burashi bila sabuni, loweka wiki nzima ukibadilisha maji kila siku. Usiyachome motoni wala kuyachemsha: maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke, jiwe hupasuka usoni mwako.

Mawe makubwa yatangulie, yakae juu ya kipande cha frigoliti kilichowekwa sakafuni mwa tangi. Mchanga unafuata baadaye, ukiyazunguka. Ukiweka mchanga kwanza na mawe juu, samaki wachimbaji watatoboa chini yake, mnara utaanguka, kioo kitakwenda nao. Mchanga mweusi wa ujenzi unapendeza macho lakini una ncha kali, kwa hiyo mimi natumia mchanga laini wa ufukoni, ulioshwa mpaka maji yatoke meupe. Sentimita 3 zinatosha.

KICHUJIO NA UMEME UNAOKATIKA

Sahau vichujio vikubwa vya mkebe uliofungwa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliomo ndani hukosa hewa, hufa na kuoza, na umeme ukirudi pampu inautapika uozo ule wote juu ya samaki.

Tumia kichujio cha hewa. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikate shingo, toboa matundu mengi upande wa chini, ijaze kokoto za lava za sentimita moja au mbili. Katikati simamisha bomba pana kama kidole gumba, likianzia karibu na chini na kutokeza juu. Ndani ya bomba hilo teremsha mpira mwembamba wa pampu ya hewa mpaka karibu na mwisho. Mapovu yakipanda yanavuta maji, na maji yanalazimika kupita katikati ya kokoto. Basi. Kitu pekee kinachoweza kuharibika ni pampu. Iweke juu zaidi ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kupitia mpira mpaka ndani yake.

Pampu ndogo za hewa za USB ndizo mkombozi wetu. Zinakula kama wati moja, kwa hiyo pawabenki ya 10,000 mAh iliyojaa inaziendesha karibu siku nzima. Mimi nina mbili, moja inafanya kazi, nyingine inachajiwa umeme ukiwepo. Zikiisha zote, chota kikombe cha maji ya tangi na ukimwage kutoka juu, mara ishirini, kila baada ya muda. Na wakati wa giza hilo usilishe. Samaki mwenye njaa siku tatu hana neno, lakini chakula kinachooza ndani ya maji yasiyo na hewa kinaua kwa usiku mmoja.

KUAMSHA MAJI: USIKIMBILIE

Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na hapa kwetu ina makali zaidi ya kwingine.

Mkojo wa samaki, kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa si nyingi. Tangi jipya halina makundi hayo. Ukitia samaki siku ya kwanza wanaogelea ndani ya choo kisicho na shimo.

Sasa ile habari mbaya. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua. Kwenye maji ya pH 7, sehemu iliyo kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 kama ya ziwa letu ni kama theluthi nzima. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini hata hawakihisi kinaweza kuwaua wa kwako. Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wa maji ya aina nyingine, na ndiyo maana ukiifuata neno kwa neno unashangaa umekosea wapi.

Kwa hiyo: jaza tangi, washa kichujio, na usiweke kiumbe kwanza. Kila siku dondosha chembe chache za unga wa dagaa, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Chakula hicho kitaoza na kuwalisha bakteria. Kama una rafiki mwenye tangi linaloishi, mwombe sponji chafu au konzi ya kokoto za kichujio chake, uzibebe zikiwa zimelowa na uzichanganye na zako. Utaokoa wiki kadhaa. Bila msaada huo, kwenye maji ya joto la digrii 25 kazi huchukua wiki nne hadi sita. Maji yetu ya nyuzi 19 au 20 hufanya bakteria wawe wavivu, hesabu wiki sita hadi nane.

Utajuaje yako tayari? Nunua vijiti vya kupimia. Agiza Kigali kama hujavipata mjini. Ni gharama moja ambayo sikushauri uikwepe. Nitriti itapanda, itakaa juu, kisha siku moja itakuwa sifuri na nitrati itaonekana. Hapo ndipo unakwenda kutafuta samaki, na unatia watatu tu. Wengine wafuate baada ya wiki mbili.

SAMAKI GANI

Kwa anayeanza ni gapi. Anapenda maji magumu, anavumilia baridi ya mitaa yetu ya Himbi na Ndosho, anazaa watoto hai wanaoogelea dakika ileile, na anakula viluwiluwi vya mbu. Kumi au kumi na wawili wanatosha kwenye lita 80, majike wawe wengi kuliko madume. Baada ya miezi mitano utakuwa unawagawa kwa majirani.

Anayetaka kitu cha kwetu atafute Haplochromis wa Kivu. Ni jamaa wadogo wa tilapia, wengi wao wa urefu wa kidole au wakizidi kidogo, na aina zao kadhaa haziishi popote pengine duniani. Zungumza na mvuvi wa ndoano, umpe ndoo yenye maji na kifuniko, umlipe kwa waliofika hai. Dume mmoja na majike wanne au watano, basi. Mwanzoni sikuamini nilichokiona: jike aliacha kula, kidevu kikamvimba, nikadhani ni ugonjwa. Siku kama ishirini baadaye alifungua mdomo nyuma ya jiwe na kundi la vitoto vikatoka kuchungulia. Kivuli changu kilipopita, vyote vikarudi mdomoni kama moshi unaorudi ndani ya bomba.

Samaki wa Tanganyika nao wako nyumbani hapa. Maji ya Kivu hutoka kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika, yakibeba chumvi zake, kwa hiyo wale wadogo wa kwenye mawe ya pwani ya Uvira, kina Julidochromis na Neolamprologus, hawaoni ugeni kwenye maji yetu. Wanachokosa ni joto. Hawa wanataka nyuzi 24 hadi 26.

Tilapia usiweke. Anapendeza akiwa kidole, lakini akifika ukubwa wa sahani utakuwa unafuga mboga.

Mgeni mmoja: ukiona mvuvi ana samaki mwembamba mwenye safu za nukta za buluu inayong'aa, huyo ni Lamprichthys, mwingine wa Tanganyika aliyeonekana Kivu mwaka 2006. Ni mrembo kuliko wote, na ni dhaifu kama sambaza. Msubiri mpaka uwe na uzoefu. Na yeye ni sababu tosha ya kutomwaga chochote cha tangi lako ziwani, iwe gapi, konokono au mmea. Ukichoka nao, wape mtu.

Kila mgeni aelee ndani ya mfuko wake juu ya maji nusu saa, huku ukiongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika kumi. Kisha mshike kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

BARIDI

Uso wa ziwa una kama nyuzi 23 au 24 mwaka mzima. Tangi la sebuleni hufuata hewa ya chumba, na usiku hewa ya Goma ni baridi. Kwa gapi na Haplochromis mimi situmii hita. Nimebandika frigoliti nyuma na pembeni, juu kuna kifuniko cha kioo, na usiku natupia kitenge kizito. Tofauti ya asubuhi ni digrii mbili nzima.

Ukifuga wa Tanganyika, hita ya wati 100 inalingana na tangi hili. Hakikisha ina kidhibiti joto chake na una umeme wa saa nyingi kwa siku. Joto linalopanda mchana na kuanguka usiku ni baya kuliko baridi ya kudumu.

CHAKULA

Sambaza walionishinda kufuga ndio wanaolisha tangi langu. Nanunua waliokaushwa bila chumvi, natoa vichwa, natwanga mpaka unga, nachekecha. Mara mbili kwa wiki nachanganya na lengalenga (mchicha) zilizochemshwa na kusagwa. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Jumapili hawali. Watoto wa nyumbani waelezwe hilo mapema, kwa sababu mkono wa mtoto mwenye huruma umeua samaki wengi kuliko ugonjwa.

KILA JUMAMOSI, BIDONI MOJA

Unakumbuka ile 80? Bidoni ya lita 20 ni robo yake kamili. Kwa hiyo hakuna hesabu: bidoni moja inatoka, bidoni moja inaingia.

Ijumaa jioni maji mapya yanawekwa kwenye beseni chumba kilekile cha samaki, ili yawe na joto sawa. Jumamosi chukua mpira wa mita mbili, ujaze maji ya bomba, ziba ncha zote mbili kwa vidole, ncha moja ndani ya tangi na nyingine kwenye bidoni chini, achia. Usivute kwa mdomo. Pitisha ncha juu ya mchanga, inyonye uchafu uliotuama. Maji hayo yapeleke kwenye mboga. Sombe (kisamvu) za nyuma ya nyumba yangu haziijui mbolea nyingine.

Mara moja kwa mwezi toa kokoto za kichujio na uzitikise ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi. Usizioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua bakteria uliowalea miezi miwili. Zikibaki na rangi ya kahawia ni sawa.

Maji yanayopungua kwa kukauka huacha chumvi nyuma, na maji yetu yana chumvi ya kutosha tayari. Ukiongeza tu bila kutoa, chumvi inazidi kukolea ndani ya tangi mwezi kwa mwezi. Mstari mweupe kwenye kioo futa kwa kitambaa chenye siki, juu ya usawa wa maji.

Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na uwe na ndoo na vikombe visivyoingia jikoni. Ukienda ufukoni kutafuta mimea, usiingie majini kwa miguu mitupu, maana konokono wa maji wanaweza kubeba kichocho. Mimea uliyoleta iloweke dakika kumi kwenye maji yenye permanganati ya rangi ya waridi hafifu, isuuze, ikague. Ule mmea usio na mizizi, wenye majani membamba kama mkia wa paka, unaota vizuri kwenye maji yetu na unakula nitrati.

Ugonjwa utakaouona kwanza ni vidoa vyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa mwilini, hasa baada ya usiku wa baridi kali. Weka chumvi ya jikoni gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 160 kwa tangi hili, ukiigawa kwa siku mbili. Mimea ihamishe kwanza. Kwenye maji ya baridi vimelea hukua polepole, kwa hiyo endelea wiki tatu hata kama vidoa vimetoweka, na kila ukibadilisha bidoni rudisha gramu 40 za chumvi.

BUSTANI YA NUSU MAJI

Ikiwa tangi lako la zamani linavuja juu lakini chini ni zima, usilitupe. Ligeuze kuwa ufuko mdogo.

Maji yawe ya kina cha sentimita 12 upande mmoja. Upande wa pili jenga ukuta wa mawe ya lava, ngazi kwa ngazi, ukiyagandisha kwa silikoni ileile na kuacha siku saba. Lava inanyonya maji yenyewe kutoka chini mpaka juu, kama utambi wa koroboi, na ndani ya miezi miwili kuvu-mwani ya kijani itaanza kuota juu yake bila kupandwa. Pampu ndogo ya maji ikipandisha tone kwa tone juu ya ukuta, utakuwa na maporomoko ambayo wageni watakaa kuyatazama badala ya televisheni. Nyuma ya mawe jaza kokoto, juu yake udongo mweusi usio na mbolea. Panda kangaga ndogo za ukutani, pothosi (ule mmea wa kutambaa wa ndani ya nyumba), na kitumba cha majimbi (sisi tunasema mateke) chenye miguu majini. Vaa glavu ukiyakata, utomvu wake unawasha.

Ndani yake chagua mnyama wa aina moja, vyura au kaa. Ukitaka vyura, wale wadogo wa kwenye majani ya mabondeni wanafaa, watatu au wanne. Wanakula kinachotembea tu: nzi, nyenje wachanga, kumbikumbi wa msimu. Wakamate kwa mikono iliyolowa, isiyo na sabuni wala mafuta ya kujipaka, kwa sababu ngozi yao inapumua. Usichukue chochote ndani ya mbuga ya Virunga, ni kosa la sheria. Na ujue madume huimba. Ukiweka tangi chumbani, utalala saa saba.

Maji hayo ya kina kifupi yatazaa mbu yakiachwa matupu. Weka gapi watatu humo, na uhesabu viluwiluwi baada ya siku mbili: hutakuta.

Ukitaka kaa wa mtoni, awe peke yake. Anakula mimea, gapi, na mwenzake. Mpe pango la lava lililo nusu ndani ya maji, na umlishe vipande vya samaki na maboga mara tatu kwa wiki. Akivua gamba atajificha siku nyingi bila kula. Usimtoe, na lile gamba liache alile. Kifuniko ndicho shughuli. Wangu alipanda kwa mpira wa pampu usiku wa kwanza, nikamkuta jikoni chini ya makaa, mkali, amefunikwa na vumbi jeusi. Tundu la mpira liwe dogo kuliko gamba lake, na juu ya kioo weka jiwe la kilo tatu.